Mgongo wa Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu na wote mnaolala chini ya paa hilo. Natumaini goti lako limepunguza makelele, na kwamba dawa unazinywa kama ulivyoambiwa na si kama unavyojisikia. Mimi ni mzima. Nikisema mzima usikunje uso. Ni uzima wa mtu wa umri wangu, ule wa kuamka asubuhi na kujipapasa kwanza ili ujue leo pameamua kuuma wapi. Presha imetulia. Meno yaliyobaki yanaelewana.

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili ukijiuliza kuna nini. Hakuna aliyefariki, tulia. Ningeweza kukupigia, lakini tunajuana. Kwenye simu utaniuliza kama nimekula, nitasema nimekula, utaniuliza kama mvua inanyesha huku, nitakuambia inanyesha au imekatika, kisha mmoja wetu atasema tusimalize salio, na tutaagana tukiwa hatujasema kitu. Mimi niliyemaliza maisha yangu ya kazi kwenye mtambo wa simu wa hospitali, nikiunganisha wodi na maabara, daktari na mkewe, mzazi na habari aliyokuwa akiiogopa, ndiye nisiyejua kuzungumza na simu. Kazi yangu ilikuwa kusema "subiri kidogo" na kujitoa katikati. Kwa hiyo nimekaa chini na kalamu. Vumilia mwandiko.

Unaikumbuka nyumba yangu: vyumba viwili, jiko ambalo watu wawili hawawezi kugeuka kwa pamoja, na kibaraza cha kuanikia nguo kinachotazama ukuta wa jengo la jirani. Ulipokuja kwenye msiba wa shemeji yako palijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Baadaye mkaondoka mmoja mmoja, kama maji yanavyotoka kwenye beseni; unadhani bado yapo, halafu unasikia ule mlio wa mwisho. Watoto wana shughuli zao huko walipo. Kijana hupiga simu Jumapili. Binti hutuma picha za wajukuu, nami huzikuza kwa vidole mpaka nyuso zinageuka ukungu. Sisemi wamenitupa, na wewe usiende kuwasema. Wako mbali tu, basi.

Nilianza kuzungumza na redio. Mwanzoni nilikuwa nabishana naye mtangazaji wa habari, maana anatamka majina ya watu ovyo. Siku moja sufuria ilikuwa inachemka jikoni, nikamwambia mtangazaji, kwa sauti ya kazini kabisa, "Subiri kidogo," nikaenda kuiinua, nikarudi nikamwambia, "Haya, endelea." Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, maana kicheko cha mtu mmoja kikigonga kuta nne kinakurudia vibaya.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, nesi mstaafu. Alikuja kuazima pasi akanikuta nimevaa kanga mbili tofauti saa nane mchana, mapazia yamefungwa. Siku ile alichukua pasi akaenda zake. Kesho yake alirudisha pasi na kuniambia nivae viatu, kuna mahali tunakwenda, na hakutaka kuambiwa kwamba nina kazi za nyumbani, kwa sababu, alisema, ameiona nyumba na ameziona kazi.

Alinipeleka maktaba. Nyuma ya maktaba kuna chumba walichokuwa wakitupia magazeti ya zamani na vitabu vilivyovunjika migongo. Sasa wameweka meza ndefu na viti visivyofanana, na mara mbili kwa wiki baada ya chakula cha mchana wazee hukutana hapo kutengeneza picha. Hatuchori. Mkono wangu, unajua, hauwezi kuchora hata yai. Tunakata na kubandika: magazeti, vitambaa, bahasha, uzi, vifungo, chochote. Mwalimu wetu ni mwanamke anayeweza kuwa binti yangu, mwenye sauti ya chini kana kwamba chumba cha pili kuna mtoto aliyelala. Alituambia kila mmoja achague kitu kimoja anachokikumbuka, akitafute kwenye karatasi, akibandike. Alisema kazi hiyo inaitwa kolaji.

Pale kuna mzee mmoja aliyeendesha malori ya masafa marefu, tunamwita Dereva. Yeye alisikia "koleji". Tangu siku hiyo anawatangazia watu mtaani kwamba wasimwone hivi, hatimaye ameingia koleji, na akichelewa kurudi nyumbani anamwambia mkwewe alikuwa na mitihani. Dereva hubandika barabara tu. Vipande virefu vyeusi, vinapanda, vinashuka, vinapotea pembeni. Nilimuuliza watu wako wapi. Akaniambia, "Miaka yote hiyo nilikuwa nawapigia honi wapishe. Sasa ndiyo wamepisha." Alisema hivyo huku akikata kipande kingine, na wala hakuwa anatania.

Nilianza na mtambo wa simu, kwa sababu ndio niliokuwa nikiuota. Nilitumia vifungo vya mashati ya shemeji yako na nyuzi nilizofumua kwenye sweta lake la kijivu, zile ndizo waya. Ilitoka mbaya lakini mwalimu aliitazama kwa muda mrefu. Kisha nikatengeneza jiko la mama, na masufuria yake yaliyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Nikakolea. Nikawa naokota bahasha na mabaki ya karatasi kila ninapopita. Meza yangu ya chakula ilijaa, nikawa nakula sahani ikiwa mapajani. Kitandani, upande wa shemeji yako, ndiko nilikokuwa naanika picha mpaka gundi ikauke. Nilikuwa nikigeuka nasikia karatasi zinalia taratibu, na ilikuwa nafuu kusikia kitu upande ule.

Ndipo nikaamua kumtengeneza baba.

Hadithi yenyewe umeisikia kwangu mpaka umeichoka, lakini nivumilie niiandike hapa, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Baba alikuwa mpiga chapa. Mama alikuwa akisafisha maofisi na alitoka kabla jua halijachomoza. Kila asubuhi baba alinikalisha kwenye bomba la baiskeli, juu ya mto mdogo aliokuwa ameufunga kwa kamba, akanizungushia koti lake kwa mbele kama aproni, tukashuka mtaa ule wenye ukuta mrefu mpaka kiwandani. Huko alinipandisha juu ya marobota ya karatasi, akanipa vipande vya rangi vilivyokatwa pembeni, nami nikakaa nikivipanga na kuvichorachora kwa penseli. Wapiga chapa wenzake wakaniita Karani. Mchana aligawana nami mkate wake. Jioni nilirudi nimelala kifuani pake, vidole vyangu vyeusi kwa wino.

Watoto wangu wamekuzwa na hadithi hiyo. Shemeji yako alipotaka kunitania aliniita Karani. Na tangu nibaki peke yangu, mdogo wangu, usiku usingizi ukigoma nilikuwa nikipanda baiskeli ile. Nilikuwa nikijiambia kwamba hata kama leo hakuna mtu aliyegonga mlango wangu, kuna wakati nilibebwa hivyo. Si kila mtu amebebwa hivyo. Nilikuwa najiona tajiri.

Picha yenyewe nilitaka iwe kubwa. Njia niliikata kwenye karatasi ya msasa, ili ukiigusa uisikie. Ukuta mrefu ni magazeti, nikayapaka chai yapate rangi ya ule udongo. Magurudumu nilitoa kwenye mfuniko wa boksi la viatu. Baba nilimtengeneza kwa karatasi ya kahawia ya kufungia vifurushi. Niliikunja, nikaikunjua, nikaipapasa kwa kiganja mpaka ikafanana na shati linalojaa upepo. Nilimwekea mshono pale chini ya bega la kulia, ambapo mama alilishona shati lake kwa uzi usiolingana. Kola nilikumbuka kwamba ilikuwa imegeuzwa. Mtoto nilimweka anachungulia chini ya kiwiko cha baba, anatazama nyuma, mguu mmoja unaning'inia.

Mwalimu alipita, akasimama nyuma ya kiti changu. Aliisifu njia. Kisha akaniuliza mimi niko wapi kwenye picha. Nikamwonyesha mtoto. Akaitikia kwa kichwa, akataka kuondoka, halafu akarudi, akauliza kwa ile sauti yake ya chini, bila ubaya wowote:

"Na anayewaona wakiondoka ni nani?"

Nilimwambia hakuna, ni mimi na baba tu. Akasema sawa. Akaniambia basi, kama nikipenda, nijaribu nyingine, nibandike kile alichokiona mtoto akiwa pale mbele: mikono ya baba kwenye usukani, kengele, njia inavyokuja. Akaenda kumsaidia Dereva aliyejibandika kidole.

Nilichukua karatasi mpya. Nilikaa na mkasi mkononi mpaka wakaanza kufuta meza. Hakuna kilichokuja. Sikujua kama usukani ulikuwa na kutu au mweusi. Sikujua kama kidevu cha baba kiligusa kichwa changu. Nilitafuta harufu ya koti lake nikiwa ndani yake, nikakuta nimelisikia tu likiwa limetundikwa msumarini. Lakini mgongo wake, mdogo wangu, mgongo ule ningeweza kuuhesabu nyuzi.

Nilirudi nyumbani nikajifanya nimesahau. Nilijiambia ni uzee, ubongo nao una haki ya kupoteza funguo zake. Jumamosi nikashindwa, nikaenda kwa shangazi.

Shangazi anakusalimu sana. Amekonda, macho yameingia utando, lakini masikio na ulimi viko kazini kama kawaida. Kabla sijakaa aliniambia viatu vyangu vinapiga kelele kama vya mtu anayedaiwa, na kwamba nimechelewa miezi kadhaa. Binti yake anamtunza vizuri. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua humpiga miguuni. Nilimsimulia juu ya koleji, akamcheka Dereva mpaka akakohoa. Kisha nikamwambia juu ya picha ya baba akinibeba kwenda kiwandani.

Akageuza uso upande wangu, kana kwamba ananiona.

"Akubebe wewe?" aliuliza. "Wewe ulikuwa shule. Aliyekuwa akibebwa ni mdogo wako."

Nilimwambia nilikuwa sijaanza shule wakati huo. Hakubishana. Alinieleza pole pole, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiokota. Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa nyumbani na baba alikwenda kazini kwa miguu. Mama alianza kazi ya maofisi baada ya wewe kuzaliwa na kuacha kunyonya, na baiskeli ilikuja baada ya hapo. Mimi nilikuwa tayari navaa sare ya buluu. Hapakuwa na wa kukaa nawe, kwa kuwa shangazi naye mchana alikuwa na kibarua chake. Baba akasema huyu nakwenda naye mimi. Watu walimwambia kiwanda si mahali pa mtoto. Alijibu kwamba basi na yeye si mahali pake.

"Na wewe ulikuwa unasimama mlangoni," shangazi aliniambia. "Mimi nimekushika mkono nikupeleke shule, na wewe hutaki kutoka mpaka wapotee kwenye kona. Ulikuwa unalia bila sauti. Mdogo wako anakuchungulia chini ya mkono wa baba yako."

Nikamuuliza, kama ni hivyo, kiwandani nimepajuaje: marobota, penseli, mkate, Karani. Akasema kila jioni nilikuwa nambana baba mezani anihadithie. Leo alifanya nini? Alikalia nini? Nani alimwita? Baba alichoka kazini, akaja kuchoka tena kwa maswali yangu, na kila siku alijibu.

Binti yake akaleta chai, ikapoa.

Sasa hapa, mdogo wangu, ndipo ninapotaka usome pole pole. Niliuliza ilikuwaje basi jambo lako likawa langu. Nilitegemea aniambie kwamba watoto wana wivu. Shangazi alisema baba alipofariki, yeye alihamia chumbani kwetu, akawa analala chini kwenye mkeka, sisi juu. Wewe ulikuwa na miaka minne na ulikuwa ukimlilia. Mama alikuwa hawezi kulisikia hata jina lake. Unakumbuka mwenyewe alivyokuwa, ukimtaja baba anainuka kwenda kuosha vyombo hata kama ni safi. Basi mimi ndiye niliyekuwa nikikubembeleza. Nilikusimulia jinsi baba alivyokuwa akikubeba, akikuzungushia koti, akikukatia mkate. Na kila nilivyosimulia ndivyo ulivyolia zaidi, unataka kushuka kitandani uende mlangoni ukamngojee na baiskeli.

"Usiku mmoja," shangazi alisema, "nikakusikia umebadilisha. Unamwambia, baba alikuwa ananibeba mimi. Mimi ndiye Karani. Akawa anasikiliza kama hadithi ya mtu mwingine. Akalala. Usiku uliofuata ukasema hivyo hivyo. Nilitaka kukukataza, lakini mtoto alikuwa amelala, na mimi nilikuwa sijalala wiki nzima. Baadaye nilifikiri mtaambizana mkikua."

Mimi sikumbuki, nakuapia. Sikumbuki usiku huo wala neno hilo. Nilikuwa na miaka minane. Nimelipokea kutoka kwa shangazi kama vile nilivyoipokea habari ya kiwanda kutoka kwa baba. Ila nimejaribu kumwona, yule msichana wa miaka minane gizani anatafuta neno la kukunyamazisha, na siwezi kumkasirikia. Alikuwa hana kingine cha kukupa ila kukuondolea kilichokuliza.

Nilirudi kwangu sikuwasha taa. Wiki mbili sikwenda maktaba. Nesi aligonga, nikamwambia nina mafua. Nilikasirika, mdogo wangu, na sikujua wa kumkasirikia, nikamkasirikia mwalimu kwa swali lake, kisha shangazi kwa kumbukumbu zake, kisha baba, kwa kutonibeba hata siku moja. Usiku nikijaribu kupanda baiskeli, nilikuta kuna mtu amekaa. Nilikuwa nimezoea upweke wa kukosa watu; huu ulikuwa wa kukosa hata yule niliyekuwa naye kichwani.

Na nitakuambia ukweli wote. Nilifikiri kunyamaza. Shangazi ana umri wake, mwalimu hamjui baba, wewe huna habari. Nilijiambia: yeye ana nyumba iliyojaa miguu, ana mume anayekoroma, ana watu wa kugombana nao juu ya sabuni, mimi nina baba. Atapungukiwa nini? Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa na lilikuwa tamu.

Lakini kuna jambo ulilosema mwezi ule tulipozungumza kwenye simu, lile pekee lililotoka kabla ya salio kuanza kusumbua. Ulisema daktari alikuuliza wazazi wako walikuwa na maradhi gani, ukamjibu kuhusu mama, na kuhusu baba ukamwambia hujui, hukuwa naye. Kisha ukaniambia, si kwa uchungu, kama mtu anayetaja rangi ya mlango, "Wewe angalau ulikuwa na baba." Sauti yako iliponirudia niliketi kwenye kiti cha jikoni. Miaka sitini na zaidi umetembea ukijihesabu kuwa mtoto ambaye hakumwahi baba. Ndoa yako ya kwanza ulipoivumilia vile, uliniambia hujui mwanamume anayekaa anafananaje. Na kumbe wewe ndiye uliyekalishwa mbele, ukafunikwa koti. Wewe ndiye uliyekula nusu ya mkate wake. Kulikuwa na kiwanda kizima cha wanaume wenye wino mikononi waliokuwa wakikungoja kila asubuhi uje uwachoree, na wakikosa kukuona wanamuuliza, Karani yuko wapi leo?

Ulikuwa naye. Ulikuwa naye kuliko mimi.

Nilirudi maktaba. Mwalimu hakuniuliza nilikuwa wapi. Dereva alisema nimekosa mitihani na itabidi nirudie mwaka. Nikaitoa picha yangu, nikaiweka mbele yangu. Uso wa mtoto nilikuwa nimeukata kwenye gazeti, mtoto wa tangazo la mafuta, nikaubandua kwa mvuke. Mahali pake nimeweka wa kwako. Ni ile picha yako ndogo ya mwaka ule, uliyopigwa umeshika kiti, yenye alama ya maji pembeni. Usinigombeze, nilikwenda kuitoa nakala kwanza, yenyewe iko salama. Nilikata taratibu kuyazunguka mashavu. Ilikaa pale chini ya kiwiko kana kwamba tangu mwanzo nafasi ile ilikuwa imekatwa kwa kipimo chako.

Kisha nikajitafutia mahali. Pembeni kabisa, upande wa kushoto, utaona ukingo wa mlango, na kipande cha kitambaa cha buluu, chembamba kama kidole. Huo ni mkono wa sare yangu. Nimejiweka hapo tu. Mwalimu alisema ningeweza kujitengeneza mzima, nafasi ipo. Nikamwambia hapana, mtu aliyesimama mlangoni hajioni.

Picha inakuja katika kifurushi, pamoja na barua hii, nimeizungushia shuka la zamani na maboksi. Usiitundike jikoni, mvuke utaitoa gundi. Itundike mahali utakapoiona ukiamka. Ukiigusa, gusa njia, kisha gusa mgongo, nimeuacha na makunyanzi yake. Na wajukuu wakikuuliza yule ni nani, usiwaambie mwulizeni bibi mkubwa. Waambie ni wewe.

Nisikudanganye kwamba sasa nafurahi. Nyumba imekuwa kimya kwa namna nyingine. Nikilala sina pa kupanda. Nimekaa na vitu vyote vya picha ile, nikijiuliza kama kuna hata kimoja ambacho ni changu kweli, ambacho sikukipata kwa kusimuliwa. Kimepatikana kimoja, na nitakuambia, lakini hicho usinidai.

Juzi nilimpigia shangazi kumuuliza kama baba aliwahi kugeuka kunitazama. Akasema hapana, angegeuka wangeanguka wote wawili. Lakini walipofika kwenye kona, kabla hawajapotea, alikuwa akipiga kengele. Mara moja tu. Hapakuwa na mtu wa kupisha pale saa zile. Shangazi alisema nilikuwa nikiisikia ndipo nauachia mlango, nakubali kwenda shule.

Na ni kweli, mdogo wangu. Hiyo ninayo. Siku zote nimeikumbuka kengele ile, na siku zote nimeikumbuka ikiwa mbali, imepungua, inatoka upande wa pili wa ukuta. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ilisikika mbali hivyo kama kweli nilikuwa nimeikalia baiskeli. Nilikaa kwenye mtambo nikisikia kengele za watu wengine mpaka nikastaafu, na nilikuwa na yangu. Nimejaribu kuibandika kwenye picha yako, nikakata duara la karatasi ya fedha, nikalitoa. Mlio haukatiki kwa mkasi. Kwa hiyo utapokea kila kitu, baba, koti, njia, na jina la Karani. Kengele imebaki huku kwangu.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie asipandishe picha ukutani akiwa juu ya kiti kibovu. Wabusu wadogo, wakubwa wapungie mkono. Ukipata nafasi niandikie, hata mistari michache, na usiniulize kama nimekula. Niambie tu, ukiitazama vizuri, kama kuna chochote kinachokujia: kamba ya mto, wino, kifua cha mtu kikipumua nyuma yako. Kama hakuna pia niambie. Nitakuamini.

Nakukumbatia kwa mikono yote miwili,

mimi dada yako.